Kabla ya kusimama kushuhudia, lipa deni

Mwaka 1931 Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu Waafrika katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikwenda Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, mwinjilisti Mganda. Hospitalini mambo yalikuwa yameharibika. Wahudumu hawakuelewana na daktari Mwingereza, Joe Church, na kazi ilizorota. Kinuka aliyaeleza matatizo hayo, naye Nsibambi akamwambia kwamba chanzo kimo moyoni mwake yeye Kinuka. Neno lile lilimchoma. Akiwa njiani kurudi alijitoa kwa Kristo, na Gahini wakampokea mtu aliyebadilika.

Miaka miwili kabla ya hapo, Septemba 1929, Nsibambi na Church walikuwa wamekutana kilimani Namirembe, Kampala, wakakaa pamoja na Biblia zao wakitafuta ujazo wa Roho Mtakatifu. Daktari alikuwa amechoka baada ya njaa kubwa iliyoipiga Rwanda. Hapo ndipo watu wengi huanza kuihesabu historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa toba na ushuhuda uliosambaa makanisani, na hesabu hiyo ni sahihi. Lakini anayetaka kujua Uamsho ulifanyaje kazi ndani ya mtu mmoja, na kwa nini ulisambaa, atajifunza zaidi kwa Kinuka. Alikwenda na orodha ya makosa ya wenzake, akarudi na kosa lake.

Kutoka Gahini moto ulifika Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 1935, kisha Namirembe, Kabete nchini Kenya mwaka 1937, na kabla muongo huo haujaisha ulikuwa umevuka kuingia magharibi mwa Tanganyika. Hapakuwa na redio ya injili wala vipaza sauti. Timu za watu wachache zilisafiri, zikasimama, zikasema Yesu amewatendea nini. Waliowasikia waliamini kwa sababu tayari walikuwa wameona ng'ombe wakirudishwa kwa wenyewe, vitu vya mwajiri vikirudi ghalani, na mume akimwomba mkewe msamaha. Utaratibu ulikuwa huo: kujitoa, kutengeneza, kisha kusema. Siku hizi tunaugeuza. Mtu anaokoka Jumapili, Jumatano amepewa kipaza sauti, na anayemdai yuko palepale benchi la tatu, anamsikiliza.

Kujitoa kwa vitu vyenye majina

Warumi 12:1 inasema tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai. Paulo angeweza kusema mioyo. Amesema miili, maana mwili una mkono uliochukua, ulimi uliosengenya, macho yanayotazama simu saa sita za usiku. Sala ya "Bwana, nakupa maisha yangu yote" ni nzuri, ila ikiishia hapo haigusi kitu. Mtu anaweza kuisali kila mkesha wa mwaka mpya kwa miaka kumi huku kitabu chake cha mauzo kikiwa na kurasa mbili, moja ya bosi na moja yake.

Fanya hivi. Tenga saa moja pasipo simu. Chukua karatasi na kalamu, soma Zaburi 139:23-24, kisha iombe sala hiyo kwa sauti yako: Mungu akuchunguze, aujue moyo wako. Pitia maisha yako sehemu kwa sehemu: pesa, ulimi, mwili na ndoa, kazi na muda wa mwajiri, chuki na kinyongo, kabila, mambo ya siri. Kwenye kila sehemu andika jambo na mtu. "Sina upendo wa kutosha" haitoshi. Andika: "Nilimwambia shemeji kwamba mke wa kaka ni mchawi." Jambo likishapata jina unaweza kulitubu, na unajua ni mlango gani wa kwenda kubisha.

Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni kuharakisha, dakika kumi na amina. La pili ni la watu waangalifu, nalo huumiza zaidi: kuchimba bila kukoma, kutafuta dhambi ambayo Roho hakuionyesha, mpaka mtu anakosa usingizi na amani. Namna ya kutofautisha ni rahisi. Roho wa Mungu akigusa jambo hulitaja, na huonyesha hatua ya kuchukua. Lawama ya adui haina jina. Inasema tu "wewe ni mbaya, hufai," na haikupi la kufanya. Saa imekwisha na karatasi ina mambo manne? Basi ni manne. Tubu hayo, pokea msamaha kwa damu ya Yesu kama 1 Yohana 1:7 inavyosema, inuka. La tano likija kesho, litatubiwa kesho.

Kuhusu kabila, niseme kwa uzito. Rwanda, nchi iliyouzaa Uamsho, ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya 1994, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa walikokimbilia. Ulevi, uzinzi na wizi vilikuwa vimetubiwa hadharani kwa miaka sitini, lakini kwa wengi dharau ya kabila haikuwahi kuingia kwenye orodha. Wapo waliokataa kuua, wakawaficha majirani zao na kufa pamoja nao. Kenya nako, wakati wa Mau Mau miaka ya 1950, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wagikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao walikataa vilevile kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi waliuawa kwa ajili hiyo. Walikuwa wamekwisha kuutoa hata ukabila wao kwa Kristo, kwa hiyo siku ya kiapo ilipofika jibu walikuwa nalo. Usiipite sehemu hiyo ya karatasi. Unawaitaje majirani zako wa kabila lile mkiwa wenyewe jikoni?

Kumwendea mtu

Kanuni ya ndugu wa zamani wa Uamsho ni hii: toba ienee hadi pale kosa lilipofika, isipite hapo. Dhambi ya mawazo ni kati yako na Mungu. Uliyemkosea mtu mmoja, mwendee huyo mmoja. Uliyelikosea kundi, simama mbele ya kundi. Madhara mengi yanayotajwa juu ya walokole, yaani hao waliookoka, yametokana na kuivunja kanuni hii. Kijana anasimama ibadani anakiri kumtamani binti aliyeketi nyuma yake, na binti yule kuanzia siku hiyo hana raha kanisani. Mtu mwingine anakwenda kwa jirani kusema "nisamehe, nimekuchukia miaka miwili," na jirani hakuwa na habari. Sasa yeye ndiye anayelala na mzigo.

Unapokwenda, nenda mwenyewe, uso kwa uso, wakati ambao mwenzako ana nafasi. Kama ni mkubwa wako, anza kama inavyopasa: "Shikamoo mzee. Naomba dakika tano, nina neno." Kisha litaje kosa kwa sentensi moja, omba msamaha, nyamaza. Neno linaloua toba nyingi ni "lakini". "Nisamehe nilikutukana, lakini na wewe ulinichokoza" ni mashtaka yaliyovaa kanzu ya toba. Usimtaje mwingine aliyeshiriki. Hiyo ni toba yake. Na usimlazimishe akusamehe papo hapo. Anaweza kukaa kimya, anaweza kukufukuza. Sehemu yako umeimaliza.

Uzinzi unahitaji uangalifu zaidi. Kabla ya kumwambia mwenzi wako, zungumza na mchungaji au mzee wa ushirika, kikundi chenu cha kila wiki cha sala na ushuhuda, mwenye hekima na mdomo mzito, ombeni pamoja, mpange siku, na awepo mtu wa kumtegemeza yule atakayeumizwa. Pima kwanza afya yako, maana mwenzi ana haki ya kujua kama yumo hatarini. Maelezo ya vitendo hayahitajiki. Kosa likiwa ni jinai, hasa lililomdhuru mtoto, toba ya ushirikani haichukui nafasi ya polisi, na kiongozi anayelifunika kwa wimbo wa sifa anatenda dhambi ya pili.

Sasa pesa. Zakayo, mtoza ushuru, alisema atarudisha mara nne (Luka 19:8). Torati katika Hesabu 5:7 inataka kile kilichochukuliwa kirudi chote pamoja na sehemu ya tano juu yake. Sisi hatuko chini ya torati, lakini ile sehemu ya tano ni kipimo kizuri, kwa sababu aliyeibiwa alipoteza pia muda na matumizi. Ulichukua shilingi 50,000, rudisha 60,000. Kama huna, usingoje uwe nazo. Nenda ukiri, kisha mwandikiane: 10,000 kila mwisho wa mwezi, miezi sita. Ukikosa mwezi mmoja, mpigie kabla yeye hajakupigia.

Wengi hupenda kutuma kimyakimya kwa simu. Muamala unaingia, mwenye pesa anashangaa, mtumaji anajisikia huru. Hapo deni limepungua, kosa halijakiriwa. Ongea naye kwanza, tuma baadaye. Kama aliyedhulumiwa amekufa, wape warithi wake. Hesabu 5:8 ilikwisha kulifikiria hilo, ikaelekeza kwamba pasipo ndugu wa kupokea, malipo ni ya Bwana, yapewe kuhani. Kwa leo, wape maskini bila kutaja jina lako. Na kwa mwajiri jiandae: anaweza kukufuta kazi, na akifanya hivyo hajakuonea. Hilo lijadili na mkeo au mumeo kabla ya kwenda, maana chakula ni cha wote.

Mambo yaliyotubiwa kwa Mungu tu, karatasi yake ichome leo. Ukurasa wa madeni utunze mpaka deni la mwisho.

Ushuhuda wenyewe

Yesu alimzuia yule aliyetolewa pepo asipande naye mashuani. Alimwambia aende nyumbani kwake, kwa watu wa kwao, akawaambie mambo makuu aliyotendewa na Bwana (Marko 5:19). Nyumbani ndiko pagumu kuliko kote, kwa hiyo ndiko pa kuanzia. Mgeni wa stendi atakuamini kwa sababu hakujui. Mama yako anakumbuka yote.

Kwa umbo la ushuhuda hakuna mwalimu kama Paulo mbele ya mfalme Agripa. Fungua Matendo 26 na uihesabu. Mistari ya 4 hadi 11 ni maisha ya kwanza. Kuanzia 12 hadi 18 ni jinsi Bwana alivyomkuta. Kuanzia 19 hadi 23 ni utii wake baada ya hapo na kiini cha injili: Kristo aliteswa, akafufuka. Mstari wa 29 ni mwaliko, wenye upole ajabu: anatamani wote wanaomsikia wawe kama yeye, isipokuwa vifungo vile. Anayaeleza maovu yake waziwazi, lakini hayatamani tena, wala hayapambi. Kiini cha habari ni Yesu.

Andika wako kwanza, ukurasa mmoja kwa mkono. Usome kwa sauti ukiwa na saa. Usizidi dakika tatu. Ukizidi, utakuta maisha ya kwanza yamekula dakika mbili na nusu. Kata hapo. Kisha ondoa maneno ambayo jirani asiyekwenda kanisani hayaelewi: "nilivunjwa", "nikawekwa nuruni", "upako". Ndugu wanayaelewa, na ushirikani ni mahali pake. Nje sema ulichofanya. Muuza duka anaweza kusema hivi: "Nilikuwa napunja mizani ya sukari, nikijiambia kila mtu anafanya. Nilipomkabidhi Yesu maisha yangu alinionyesha ile mizani. Nimeirekebisha, na niliowapunja ninaowajua nimewafidia. Faida imepungua, na silali tena na hofu. Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi kama hiyo yangu, na amenisamehe." Mteja wake anaweza kuupima ushuhuda huo siku hiyohiyo, kwa kilo moja ya sukari. Ushuhuda wenye nguvu ni wa namna hiyo.

Ushuhuda unaoharibika huharibika kwa njia zinazojulikana. Upo wa kujisifia dhambi, ambapo msikilizaji anaondoka akikumbuka baa na wanawake. Upo unaokiri dhambi za wengine: "Namshukuru Mungu amenipa uvumilivu na mume wangu mlevi," na mume hayupo kujitetea. Upo unaoahidi kwamba ukiokoka utapata gari, kazi na mchumba. Huo ni uongo, na wanaouamini huanguka mwezi wa tatu. Halafu upo ushuhuda uliokauka: miaka thelathini mtu anasimulia siku ileile aliyookoka, kwa maneno yaleyale, na hakuna anayejua Yesu amemtendea nini juzi. Ndugu wa Uamsho walikuwa wakali juu ya huu wa mwisho. Kwao swali lilikuwa: ukoje leo?

Hatari nyingine ni ukali wenyewe. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Bishop Tucker kule Mukono, Uganda, mhubiri William Nagenda miongoni mwao, baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya sala ya alfajiri na mahubiri yaliyowakera wakuu wa chuo. Mpaka leo watu hubishana nani alikosea zaidi, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na la kutubu. Ushuhuda hauhitaji kuamsha bweni zima ili uwe wa kweli. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la Abazuukufu ("walioamshwa") nchini Uganda, chini ya Yona Mondo, lilikaza kamba mpaka kukopa kukawa dhambi. Woga wa deni unaeleweka kabisa. Lakini kanuni ikishawekwa mahali pa Roho, watu huchunguzana wao kwa wao na kuacha kujichunguza.

Ushirikani, kwa jirani, na baadaye

Ushirika mzuri wa kila wiki hauhitaji zaidi ya saa moja na nusu: wimbo, sala, fungu fupi la Neno, kisha ushuhuda. Watu wanane hadi kumi na tano wanatosha. Wakizidi, wanyonge hunyamaza. Mchungaji anaketi kama ndugu mwingine, na ni vema wazee waanze kukiri. Kiongozi asiyetubu lolote mwaka mzima hufundisha wadogo kuficha. Mtu akimaliza, kundi humwitikia kwa pambio la sifa. Desturi hiyo ina kazi kubwa: inamrudisha kila mmoja kwa Yesu, na inafunga mlango wa maswali ya udadisi. Akianguka ndugu kwenye jambo zito, wawili wakae naye pembeni baadaye. Yanayosemwa pale yabaki pale. Na toba isiandikwe kwenye kundi la WhatsApp. Picha moja ya skrini inafika kijijini kabla hujafuta.

Kwa jirani Mwislamu, na Pwani wengi wetu tunaishi ukuta kwa ukuta nao, simulia habari zako na usiiguse dini yake. Ukiulizwa, jibu kwa upole na kwa hofu, kama 1 Petro 3:15 inavyoagiza. Usimtembelee akifuturu ukageuza futari kuwa mkutano. Na jua kwamba amekuona miaka mingi ukilipa au usilipe kodi ya nyumba, ukimsalimia au usimsalimie mama yake.

Akitokea mtu kusema "nami nataka", usimpe maneno kumi ya kurudia ukamwacha. Muulize anataka nini hasa, na nini kimemleta. Mweleze kwa ufupi msalaba na kufufuka, aombe kwa maneno yake mwenyewe hata kama yanakwama, nawe uombe baada yake. Kabla hamjaachana, pangeni siku ya kuonana ndani ya siku tatu. Mpe Injili ya Marko asome sura moja kila siku. Zipo 16, kwa hiyo wiki mbili na siku mbili mnakuwa na cha kuzungumza kila mnapokutana. Katika siku hizo msaidie kutengeneza karatasi yake, na kama anaogopa kwenda kwa anayemdai, mfuate hadi mlangoni. Mlete ushirikani akae asikilize. Asisukumwe kusimama. Atakapokuwa tayari atainuka mwenyewe, na huenda neno lake la kwanza likawa sentensi moja tu: "Nimemrudishia baba mdogo shamba lake." Mwimbieni.